Chipu Haijafa: Dhana Potofu Kuhusu Vipimo vya Volti kwenye Maltipleksa ya 4051

Kijana mmoja wa Wete, anayetengeneza kifaa cha kupima joto la karafuu zinazoanikwa majamvini, aliniletea chipu tatu za maltipleksa aina ya 4051, akazipanga mezani na kusema, "Maalim, hizi zote mbovu." Zote tatu zilikuwa nzima. Dhana zilizompotosha ndizo zinazowafanya vijana wengi wa visiwani kutupa vitu vilivyovuka bahari ndipo vikawafikia.

Iliyoenea zaidi ni kwamba chaneli (njia ya kupitishia volti) isiyochaguliwa lazima isome sifuri. Maltipleksa hii ni kama swichi nane zinazokutana katika mguu wa 3, na inayounganishwa kwa wakati mmoja ni moja tu. Saba zilizobaki hazipelekwi graundi, bali zimekatwa. Mguu uliokatwa, ikiwa haukufungwa kwenye kitu kingine, huelea: hubakia na chaji iliyokuwepo na hudaka mvumo wa hezi 50 unaotoka kwenye nyaya za umeme wa nyumba. Mita nyingi za dijitali zina ukinzani wa ndani wa megaomu 10 hivi, kwa hivyo mkondo wa mikroampea 0.1 peke yake unatosha kuifanya mita isome volti 1. Kwenye mguu wa 14, mmoja wa miguu ya chaneli zilizokatwa, tulisoma volti 0.8, na aliposogeza mkono karibu na waya namba ikapanda. Tukaweka rizista ya kiloomu 10 kati ya mguu huo na graundi, namba ikaanguka hadi sifuri na ikatulia, hata alipoushika waya wenyewe. Lau ingekuwa volti ya kweli, inayotoka kwenye chanzo chenye nguvu, rizista ile isingeiangusha.

Huku kwetu pana jambo la ziada, nalo ni unyevu wenye chumvi. Bodi iliyochomewa risasi kisha ikaachwa na mabaki ya flaksi (dawa ya kusaidia risasi kushika) hupitisha mkondo mdogo kati ya mguu na mguu, hasa wakati wa masika. Isafishwe kwa spiriti na mswaki, ikauke, ndipo ipimwe.

Wapo pia wanaodhani kwamba mguu wa 16 ukipata chanya na wa 8 ukipata graundi, kazi imekwisha. Mguu wa 7 ndio unaoweka mpaka wa chini wa volti zinazoweza kupita katika swichi, na ikiwa saketi haina volti hasi, lazima nao uunganishwe graundi. Mguu wa 6 ukipewa volti ya juu hukata swichi zote nane kwa pamoja, na ukiachwa wazi unaweza kufanya lolote, kwa sababu chipu hii haina rizista ya ndani ya kuuvuta upande wowote. Miguu ya 9, 10 na 11, inayochagua chaneli, ina hukumu hiyo hiyo.

Volti ikipungua, lawama huangukia ukinzani wa swichi. CD4051, mojawapo ya aina za 4051, inayotumia volti 5 huwa na ukinzani wa takriban omu 470. Mita ikiwa ndiyo mzigo pekee, upungufu wake haufiki hata milivolti 1. Mzigo ukiwa wa kiloomu 10, volti 5 hushuka hadi karibu 4.78. Basi anayesoma volti 3 kwa mita tupu atafute sababu pengine.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni imani kwamba chipu inayojibu ina umeme wake. Mtu huchomoa waya wa mguu wa 16, akapima hapo na kukuta volti 4.4. Umeme huo umeingia kupitia mguu wa chaneli wenye volti 5, ukapita katika dayodi ya ulinzi iliyomo ndani ya chipu, inayokula kama volti 0.6. Dayodi hiyo haikutengenezwa kulisha saketi nzima, na mkondo ukizidi huungua. Hapo ndipo chipu hufa kweli.

Anayeiendesha chipu hii kwa ESP32 (kompyuta ndogo ya chipu moja) ajue kwamba 74HC4051, aina nyingine ya 4051, yenye volti 5 hudai volti 3.5 ili itambue "juu", ilhali ESP32 hutoa 3.3. Itafanya kazi leo na kukosea kesho. Aina ya HCT (74HCT4051) hutosheka na volti 2.

Kijana wa Wete alirudi na chipu zake zote tatu. Kilichoongezwa kwenye bodi yake ni waya mmoja mfupi, kutoka mguu wa 7 hadi wa 8.