Namba ya difu haisomwi bila tairi

Wiki hii gereji kwangu ameingia mteja wa tatu anayetaka kubadilishiwa difu, zile gia za ekseli zinazofikisha nguvu kwenye matairi. Hilux ya dizeli, injini ya 3L ya lita 2.8 isiyo na taba (turbo), kazi yake ni kubeba viazi kutoka Makete kuja Mbeya. Mwenyewe ameshavua matairi ya 205R16 na kufunga 265/75R16, gari limenyanyuka, linapendeza. Sasa analalamika kwamba limekuwa zito mlimani na linakunywa mafuta, kwa hiyo nimtafutie "difu ya spidi", yaani yenye namba ndogo, 3.909, injini isizunguke sana na mafuta yapungue.

Nikamwambia, "Kaka, hapo unamwongezea gunia mtu aliyekwisha elemewa." Akaondoka akidhani namnyima kitu kizuri.

Sasa naandika hesabu yote, nipate pa kuwaelekeza watu. Difu yake ni 4.10: krauni, gia kubwa ya ndani, meno 41; pinioni, gia ndogo inayoizungusha, meno 10. Propela, ile shafti inayotoka giaboksi kwenda difu, inazunguka mara 4.1 ili tairi lizunguke mara moja. Tairi la 205R16 lina kipenyo cha milimita 735 hivi. 265/75R16 ni karibu 804. Kwa hiyo kila tairi likizunguka mara moja, gari linakwenda mbele zaidi kwa asilimia 9. Kwa injini, hiyo ni sawa na kung'oa 4.10 na kuweka 3.75. Difu ya spidi anayoitafuta tayari anayo. Aliinunua kwa muuza matairi. Akiongeza na 3.909 juu yake, injini itaona kitu kama 3.57, na hapo mlima wa Kitulo ataupanda kwa gia ya pili.

Anachohitaji ni kinyume chake. Chukua 4.10, zidisha kwa 804, gawa kwa 735: unapata 4.49. Iliyo karibu sokoni ni 4.556, yaani meno 41 kwa 9.

Hapo ndipo huwa naambiwa, "Fundi, namba kubwa inakula mafuta." Imani hii inanichosha kwa sababu ina ukweli kidogo ndani yake. Gari tupu, barabara tambarare, mwendo mmoja saa nzima: ndiyo, namba ndogo inapunguza mafuta, sibishani na hilo. Lakini nani kati yetu huku nyanda za juu anaendesha hivyo?

Tazama kilomita 80 kwa saa kwenye gia ya nne, ambayo kwenye giaboksi hizi ni moja kwa moja, yaani propela inazunguka sawa na injini. Na matairi yake ya zamani injini ilikuwa kwenye mizunguko kama 2,370 kwa dakika. Na matairi makubwa imeshuka hadi 2,160. Ukifunga 4.556 inarudi 2,400. Injini ya 3L inatoa msukumo wake mkubwa hapohapo kwenye 2,400. Huyo ndugu ameitoa injini mahali inapovuta, kisha anakanyaga mafuta hadi chini kulazimisha ivute. Kikianza kilima kidogo tu, anarudi gia ya tatu pale alipokuwa akipita na ya nne. Ule moshi mweusi unaomfuata ni dizeli isiyoungua vizuri, nayo ameilipia kituoni.

Ongeza na mwinuko. Injini isiyo na taba hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kule juu Kitulo, zaidi ya mita 2,600, robo ya nguvu haipo. Ushauri wa difu uliotoka kwa dereva wa Dar es Salaam hauna kazi huko.

Halafu kuna udanganyifu wa dashibodi, na huu naomba usome polepole. Kwenye Hilux hizi kebo ya spidi inatoka kwenye transfa (boksi linalogawa nguvu kwa matairi ya mbele na ya nyuma), kabla ya difu. Haijui umefunga tairi gani. Ukifunga matairi makubwa, ukitembea kilomita 100 za kweli inaandika 91. Wewe unajaza tangi, unagawa kilomita kwa lita, unaona gari limeanza kula. Sehemu ya ulaji huo ni ya kwenye karatasi tu. Na anayefunga 4.556 huku ameacha matairi madogo hudanganyika upande wa pili: kilomita zinaandikwa nyingi kuliko alizotembea, anafurahia mafuta ambayo hajaokoa. Pima kwa vibao vya kilomita vya barabarani, kisha tuzungumze.

Jina lenyewe, "difu ya nguvu", wanaloiita namba kubwa, nalo linapotosha. Nguvu inayozungumzwa ni ya kuvuta. Chuma chenyewe ni dhaifu zaidi, kwa sababu pinioni inakuwa ndogo na meno machache ndiyo yanayobeba kazi. Kwenye 4.875 pinioni ina meno 8 tu. Ukijaza tani mbili na kuachia klachi kwa fujo, utayakusanya kwa sumaku.

Jana jioni jamaa wa viazi kapiga simu. Amekubali 4.556. Anauliza bei ya ya nyuma peke yake, kwa sababu fowili, yaani kuvuta kwa matairi yote manne, anaitumia masika tu.

Hapana. Mbele 4.10, nyuma 4.556: kila nyuma ikitembea mita 100, mbele inataka mita 111. Kwenye tope tairi litateleza na kusamehe. Ukifika kwenye lami bado umefunga fowili, hakuna pa kuteleza. Mzigo wote unabaki kati ya propela mbili na unaishia kwenye transfa. Niliwahi kupokea pikapu ya namna hiyo. Dereva alisema usukani ulikuwa mgumu na lever ya fowili ikakataa kutoka, akaendelea tu na safari. Nilipofungua transfa, oili ilitoka imegeuka rangi ya fedha, na meno mawili ya gia yalikuwa yamelala chini kama punje za mahindi. Zote mbili zibadilishwe, au asiguse hata moja.

Ukikuta 4.10 upande mmoja na 4.11 upande wa pili, isikutishe, hiyo hata upepo wa matairi unaimeza.

Penye mashaka ni kati ya 4.30 na 4.556 kwa mtu ambaye nusu ya maisha yake ni lami ya kwenda Iringa na nusu ni vumbi la Makete. Nimewahi kumshauri mtu 4.556 akarudi kulalamikia kelele za injini kwenye kilomita 100, na nikaona ana haki. Siku hizi nauliza kwanza anashukaje zile kona za Matamba akiwa na mzigo. Kama anategemea breki pekee, namsukuma kwenye namba kubwa, injini imsaidie kushikilia gari.

Kufunga sielezi kwa kirefu: krauni na pinioni ni jozi, hazichanganywi, na nafasi kati ya meno kwenye difu hii ni milimita 0.13 hadi 0.18, kwa kipimo chenye uso na mshale kama wa saa, siyo kwa kutikisa na mkono.

Ukienda kununua za mtumba usiamini maandishi ya chaki. Hesabu meno. Kama difu iko garini, weka giaboksi huru na breki ya mkono chini, zuia matairi ya mbele kwa mawe. Nyanyua tairi moja la nyuma, lingine libaki chini, kisha lizungushe mara 20 huku mwenzako akihesabu propela. Ikizunguka 41 ni 4.10, ikiwa 43 ni 4.30, ikipita 45 na nusu ni 4.556. Kisha nenda mbele ukarudie.