Msimhamishe kitinda mimba kimyakimya

Kila Novemba, mahafali ya darasa letu la awali yakikaribia, mzazi ananivuta pembeni: "Mwalimu, usimwambie kwamba ndiyo basi. Atalia. Januari atajikuta tu darasa la kwanza." Wengi wao wanamtoa kitinda mimba, na getini kwetu wamekuwa wakipita tangu enzi za kifungua mimba.

Hapana jamani! Mtoto wa miaka mitano anajua. Amepimwa joho, ameona kazi zake zikibanduliwa ukutani, kaka zake wanamwita mkubwa. Mkinyamaza, Januari atavaa sare mpya akidhani anakuja kwangu, afike akute sura ngeni. Kilio cha siku hiyo ni cha aliyedanganywa, na hicho hakibembelezeki upesi.

Kuhusu kusoma, msihangaike. Sera ya Elimu ya Tanzania ya 2014 inataka elimu ya awali isiyopungua mwaka mmoja. KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ndiyo kazi ya darasa la kwanza na la pili.

Turudi kwenye kuaga. Mtoto wa umri huu haagi "shule", anaaga vitu. Mtembezeni kona ya duka la kuchezea, kona ya vitabu, msumari anaotundika mkoba, bembea, jikoni kwa dada anayepika uji. Mwacheni aguse, na msimkimbize eti keki inasubiri. Mmoja alikuwa na swali moja tu: "Hapa pangu mkekani atakaa nani?" Tukamwita mtoto wa darasa la chini, akakaa. Yule mkubwa akamwonyesha namna ya kuegemea ukuta, kisha akakimbilia zake bembea.

Na mama alie akitaka. Akiondoka na wa mwisho, asubuhi hana tena mtoto wa kumleta kwetu, na hilo linauma. Ila amwambie mtoto analilia nini, la sivyo mtoto ataona amekosea kukua. Hili ndilo linalonikera kuliko yote: familia nzima inafuta machozi, na mwenye sherehe haelezwi kitu.

Joho lenyewe linanitia shaka. Wengine huwasaidia kuamini kwamba kweli wamemaliza; wengine naona jasho na hofu ya kipaza sauti tu.

Likizo ya Desemba mpelekeni shule mpya, aone darasa lake na choo kilipo. Watoto wanaorudi kunisalimia Februari hunisimulia habari za choo kabla ya habari za mwalimu.