Dakika 20 za kuchora hazifundishi kulipua kazi
Vijana wengi wanaojifunza usanifu wa michoro hapa Goma huamini kwamba mazoezi ya kupimiwa muda humzoesha mtu kulipua kazi. Hilo ni kosa. Mwenye dakika 20 za kubuni bango la muuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, akiwa na penseli, rangi mbili na aina moja tu ya herufi, hana nafasi ya kuhangaika na fonti, hivyo hulazimika kuamua mapema abiria wa pikipiki aone nini kwanza: bei, au samaki? Nami huhimiza michoro mitatu, kwa kuwa wa kwanza mara nyingi ni ule ambao yeyote angeuchora. Kazi ya mteja, bila shaka, hupewa siku zake.