Okidi yako haina kiu, imezama

Jumamosi dada mmoja alipanda hadi kwangu orofa ya nne hapa South B, Nairobi, amebeba okidi kifuani kama mtoto anayepelekwa kliniki. Majani manne, yote yamelegea na kukunjamana kama vidole vilivyoshinda kwa beseni ya kufulia. Hata hajaketi akaniambia, "Hii kitu ina kiu sana bana, naimwagia kila asubuhi na bado inakauka." Nilivuta pumzi nikaenda kuweka chai kwanza, manake mwaka huu hiyo sentensi nimeisikia kuliko nilivyosikia "habari yako".

Sasa hebu tuelewane, kwa sababu hapa ndipo roho yangu huchemka. Jani likilegea linakuambia kitu kimoja tu, kwamba maji hayalifikii. Halikuambii kwa nini. Pengine ulienda ushago mwezi mzima na hakuna mtu alimwaga hata tone. Ama pengine umemwaga mpaka mizizi ikaoza, na mzizi uliooza haunywi kitu, kwa hivyo mmea unakufa na kiu huku miguu iko ndani ya maji. Ukitazama majani pekee hizo hali mbili ni mapacha, huwezi kuzitofautisha, hata mimi siwezi, na mtu akiniambia yeye anaweza kwa kuangalia picha tu ya WhatsApp namuacha na miujiza yake. Lakini wengi hawafikirii hata kwamba ziko mbili. Wanaona jani limelegea, wanachukua jagi, linalegea zaidi, wanaongeza jagi. Alafu ikifa wanasema okidi ni maua ya watu wenye muda.

Kwao kusini-mashariki mwa Asia, hizi Phalaenopsis, yaani zile za supamaketi zenye majani mapana, nyingi hazikai kwa udongo kabisa. Zinashika gome la mti huko juu, mvua inanyesha, mizizi inalowa, upepo unapita, inakauka. Mzizi wenyewe ni kamba nyembamba iliyovaa koti nene kama sponji, na hilo koti ndilo hunyonya maji. Likiwa kavu ni jeupe la kufanana na fedha, likilowa linageuka kijani mbele ya macho yako. Koti hilo linataka hewa. Lifungie kwa maji siku nenda siku rudi litaoza, na hakuna dawa ya kurudisha mzizi uliooza. Na usidhani haya ni mambo ya ng'ambo, tuko na zetu hapa Kenya, kuna Ansellia ile ya madoadoa kama chui, inakaa juu ya miti sehemu za joto, inasukuma mizizi mingine ikielekea juu kama sindano ili idake majani makavu yanayoanguka, na kiangazi chote hakuna mtu anapanda huko na jagi. (Ukiuziwa moja imebanduliwa msituni, kataa. Ni makosa, na mara nyingi hufa.)

Turudi kwa yule dada. Okidi ilikuwa ndani ya chombo kizuri cha kauri, bila shimo hata moja. Nilipoivuta, maji yalimwagika kwa meza na harufu ikatoka kama ya kitambaa cha vyombo kilichosahaulika. Nikamwambia abinye mzizi mmoja polepole kisha avute. Lile koti likachomoka lote kama soksi, likabaki mkononi mwake, na kwa mmea ikabaki uzi mweusi. Alinyamaza. Mzizi mzima ukiubinya unahisi kama maharagwe mabichi. Kwa ile mizizi yote tulipata mizima miwili, mmoja ukiwa mfupi kuliko kidole changu cha mwisho. Na katikati kabisa kulikuwa na kidonge cha sponji ambacho mmea ulianzishiwa nasari, bado kimelowa chepechepe. Hicho kidonge kimeua okidi nyingi hapa mjini, manake ukigusa juu unapata pakavu, unaongeza maji, na kumbe moyoni ni bwawa.

Kukata si kazi. Wembe mpya, ama mkasi uliochomwa kwa moto wa gesi, na unauchoma tena ukihamia mmea mwingine kwa sababu virusi vya okidi husafiri kwa wembe. Ondoa kila kilicho laini, kidonge pia, alafu iache wazi siku nzima ikauke vidonda. Watu hunyunyiza mdalasini. Mimi nimenyunyiza na nimeacha, sijaona tofauti kwa vidonda, ila ukimwagikia mizizi mizima unaikausha, kwa hivyo siku hizi mdalasini wangu unaenda kwa chai.

Chombo kiwe kidogo kuliko unavyotaka, kiwe na mashimo, na kama kinaonyesha ndani ni bora zaidi kwa vile utaona rangi ya mizizi bila kuchimbua. Hata kikombe cha plastiki cha juisi kinatosha. Ndani weka vipande vya gome la msonobari pamoja na makaa ya kawaida ya jiko yaliyooshwa vumbi. Udongo mweusi, hapana. Mbolea, hapana, mpaka uone ncha mpya ya mzizi. Kuna mzee aliwekea yake DAP. Mzee, hii si mahindi!

Isiyo na mizizi ya kutosha naiingiza kwa mfuko mkubwa unaoonyesha ndani, na moss kavu, ule mmea laini unaonyonya maji kama sponji, nimeilowesha nikaikamua mpaka haitoi tone, naweka mahali penye mwanga lakini si jua, na kila siku mbili tatu nafungua ipumue. Wazo ni kwamba majani yasipoteze maji wakati hakuna kinachoyaleta. Nyingine zimepona hivyo. Nyingine zimeota ukungu nikatupa. Nimewahi kuokoa yenye mzizi mmoja na nikapoteza yenye mitano, na kusema ukweli sikuwa nimefanya kitu tofauti.

Maji sasa. Acha hii mambo ya "kila Jumapili". Mizizi ikiwa kijani, ondoka. Ikiwa ya fedha na kikombe kimekuwa chepesi ukikiinua, lowesha vizuri, ichuje yote, maliza. Mwezi wa pili jua likiwaka utamwaga mara nyingi, mwezi wa saba na hii baridi yetu utakaa hata wiki mbili. Maji ya mvua ndiyo matamu kwake. Ya kisima, yale ya bowsa, mara nyingi yana chumvi na utaona gamba jeupe gumu la chumvi likishika mizizi. Na usiache maji yatuame pale katikati majani yanapotokea, hasa usiku wa baridi, kwa sababu Phalaenopsis ina kichwa kimoja tu, hicho kikioza umebaki kuomba itoe mtoto pembeni.

Kuinyunyizia maji kwa majani mchana ati inywe ni kujifurahisha. Vinyweleo vya majani yake hufunguka usiku.

Yake yule dada bado iko kwa mfuko juu ya friji. Jani moja la chini limegeuka njano, hiyo nilitarajia, inajila yenyewe ili iishi. Hayo mengine hata ikipona hayatanyooka kabisa, yatabaki na mikunjo, tunangoja jani jipya. Jana amenitumia meseji akiuliza kama anaweza kupita aiwekee maji kidogo.