Anayejua kusoma bado anahitaji kusomewa

Wazazi wengi huamini kwamba mtoto akishajua kusoma, kumsomea ni kumdekeza. Aachwe ajisomee, ndipo atazoea. Sivyo. Katika miaka ya mwanzo ya shule, sikio la mtoto liko mbele ya jicho lake: akisikiliza, anaelewa hadithi ambazo bado hawezi kuzisoma mwenyewe. Mtazame anavyohangaika na neno “wa-li-po-m-ka-ri-bi-sha”. Akifika silabi ya mwisho, mwanzo wa sentensi umeshamtoka. Nguvu zote zimeishia kwenye herufi, utamu haukumfikia. Ukimsomea anaupata, pamoja na maneno ambayo kesho atayatambua kitabuni. Mimi hupenda kukomea pale hadithi inapokolea, kisha nakiacha kitabu wazi mezani. Mara nyingi mtoto hukirudia mwenyewe, polepole, kidole kikifuata mstari.