Kontua ya kelele: mstari wa ramani unaoamua nani anahesabiwa kusumbuliwa na ndege

Darasa letu la tano lilikuwa chini ya njia ya ndege. Mwalimu anaandika ubaoni, anasema, "Kipeuo cha pili cha…" halafu ananyamaza. Mkono uko juu, chaki imegusa ubao, mdomo umefungwa. Sisi nasi tunatulia. Mabati yanatetemeka, vikombe vya uji vinagongana rafuni, kivuli kinapita uwanjani. Kisha mwalimu anamalizia: "…themanini na moja." Hakuna aliyeona ajabu. Nilipohamia shule nyingine ndipo nilipojua kwamba mwalimu anaweza kumaliza sentensi bila kusubiri mtu.

Miaka mingi baadaye nilikutana na neno linalohusika moja kwa moja na mkono ule uliosimama hewani: kontua ya kelele.

Aliyesoma jiografia anazijua kontua za milima, zile zinazounganisha sehemu zenye mwinuko mmoja. Kontua ya kelele ni hivyo hivyo, ila inaunganisha sehemu zenye kiwango kimoja cha kelele za ndege. Ukiichora kuzunguka njia ya kuruka na kutua, mara nyingi inatoka na umbo la mtumbwi: ndefu, nyembamba, imechongoka ncha zote mbili, kwa sababu ndege hupanda na kushuka kwa kufuata mstari wa njia. Kadiri unavyosogea katikati ya mtumbwi, ndivyo namba inavyopanda.

Katika nchi zinazoitumia, mistari hiyo ina nguvu kubwa. Aliye ndani anaweza kulipiwa madirisha ya kuzuia sauti, au kukatazwa kujenga nyumba ya kuishi. Aliye nje, hata kama ni ng'ambo ya barabara tu, kwenye ripoti haonekani. Na watu wengi hudhani mistari hiyo imechorwa baada ya mtaalamu kupita mtaa kwa mtaa na kifaa cha kupimia sauti. Kwa kawaida huchorwa na programu ya kompyuta. Inalishwa aina za ndege, idadi ya safari, saa na njia za angani, kisha inatoa makadirio ya mwaka mzima. Vipimo vya mitaani hutumika zaidi kuhakiki.

Sasa tuingie kwenye namba yenyewe, maana hapo ndipo mwananchi anapoachwa.

Kelele hupimwa kwa desibeli, na desibeli hazijumlishwi kama kilo za mchele. Ndege mbili zinazofanana, kila moja ikitoa desibeli 70, zikinguruma pamoja hazifiki 140. Zinafika 73. Nguvu ya sauti ikiongezeka maradufu, kipimo kinapanda 3 tu. Ikiongezeka mara kumi, kinapanda 10, na sikio la binadamu huhisi kama sauti imekuwa kubwa mara mbili. Hadi hapo ni fizikia, haina ubaya.

Tatizo linaanza pale namba inayochora kontua inapokuwa wastani. Nguvu yote ya sauti za ndege inakusanywa, halafu inatandazwa juu ya saa 24. Marekani huongeza desibeli 10 kwa kila ndege inayopita kati ya saa nne usiku na saa moja asubuhi. Ulaya huongeza 10 za usiku na 5 za jioni. Ni jambo jema kwamba usingizi umekumbukwa. Lakini wastani unabaki wastani. Mvua ya mwezi mzima ikinyesha usiku mmoja, wastani wa mwezi utasema hali ilikuwa ya kawaida. Waulize watu wa Jangwani, bonde la mafuriko la Dar es Salaam, usiku huo ulikuwaje.

Chukua hesabu moja. Usiku wenye urefu wa saa nane uko kimya kabisa, isipokuwa ndege moja inayonguruma kwa desibeli 80 kwa sekunde 10. Wastani wa usiku huo ni kama desibeli 45, chini ya sauti ya watu wawili wanaozungumza barazani. Kwenye karatasi, mtaa umelala. Mama mwenye mtoto mchanga ameamka saa tisa, na mtoto akishaamka saa tisa hajali wastani.

Au angalia wingi. Kiwanja kikiongeza safari kutoka 100 hadi 200 kwa siku, ndege zikiwa zile zile na saa zile zile, kontua inapanda desibeli 3 tu. Na mashirika yakileta ndege zenye kelele pungufu kwa desibeli 10, yanaweza kurusha safari mara kumi zaidi na mstari usisogee hata kidogo. Ndege za leo kweli zina kelele ndogo kuliko za miaka ya 1970. Wahandisi wamefanya kazi kubwa na wanastahili sifa yao. Ila mkazi wa chini anakatishwa mara kumi pale alipokuwa akikatishwa mara moja, na ramani inamwambia hakuna kilichobadilika.

Sydney, Australia, walilijifunza hili kwa uchungu. Novemba 1994 kiwanja chao kilifungua njia ya tatu ya kuruka na kutua. Kabla ya hapo watu walikuwa wameonyeshwa ramani yenye kontua za kipimo cha kwao kiitwacho ANEF, ambacho nacho ni cha wastani. Mwenye nyumba alitazama, akajikuta nje ya mstari, akaamini hatasikia kitu. Ndege zilipoanza kupita juu ya mapaa ya Leichhardt na Marrickville, hasira ililipuka. Watu wakaandamana, kamati ya Seneti ikachunguza na kutoa ripoti mwaka 1995. Mwaka huo huo ikatungwa sheria ya kuzuia safari nyingi kati ya saa tano usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na mwaka 1997 ikaja nyingine ya kuweka kikomo cha ndege 80 zinazoruka au kutua kwa saa. Kule Sydenham, karibu kabisa na kiwanja, serikali ilinunua nyumba na kuzibomoa. Sehemu hiyo leo ni bustani ya wazi.

Kwangu mimi, kikubwa kilichotoka Sydney kilikuwa namna nyingine ya kusema. Mwaka 2000 wizara yao ya uchukuzi ilichapisha waraka uliokiri kwamba kontua za wastani hazimwambii mwananchi anachotaka kujua, ukapendekeza pia kipimo kinachoitwa N70: ni mara ngapi kwa siku kelele ya ndege inavuka desibeli 70 mahali fulani. Kwa nini 70? Kwa sababu nyumba yenye dirisha wazi hupunguza kelele kwa karibu desibeli 10. Sabini za nje zinakuwa sitini za ndani, na sitini zinatosha kumkatisha anayezungumza au anayesikiliza redio. Ukimwambia mtu kwamba anakaa kwenye kontua ya ANEF 20, atakutazama tu. Mwambie ndege zitamkatisha mara 50 kwa siku, ataelewa mara moja, na ataanza kuuliza: saa ngapi?

Hilo la dirisha wazi linatugusa sisi wa pwani kuliko Wazungu. Kuweka madirisha ya vioo viwili na kuyafunga ni dawa ya nchi za baridi. Dar es Salaam mwezi wa Februari dirisha lina nondo na wavu wa mbu, basi, na juu kuna bati. Kelele inaingia kama upepo.

Mipaka yenyewe nayo haijakaa vizuri. Marekani kwa miaka mingi imeshikilia wastani wa desibeli 65 kama mstari wa makazi, ikitegemea mchoro wa mwaka 1978 uliosema kwamba hapo ni kama mtu mmoja kati ya wanane anayeudhika sana. Matokeo ya utafiti mpya wa mamlaka yao ya anga, yaliyotolewa mwaka 2021 baada ya kuhoji watu zaidi ya 10,000 kuzunguka viwanja 20, yalionyesha karibu theluthi mbili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Ulaya wa mwaka 2018, linapendekeza kelele za ndege zisizidi wastani wa desibeli 45, na 40 usiku, kwa sababu ya usingizi, moyo na masomo ya watoto.

Kuhusu watoto, ushahidi ninaouamini kuliko wote ulitoka Ujerumani. Mei 1992 kiwanja cha zamani cha Munich kilifungwa na kipya kikafunguliwa mbali na hapo. Watafiti walikuwa wameshawapima watoto wa pande zote mbili kabla ya kuhama, wakarudi kuwapima baadaye. Waliobaki na kimya, kusoma kwao na kumbukumbu zao vikapanda. Waliopelekewa ndege, vikashuka. Watoto hawakuhama, kelele ndiyo iliyohama.

Nairobi, uwanja wa Wilson umezungukwa na Lang'ata, South C na Kibera. Ndege nyingi pale ni ndogo, za safari fupi, na baadhi ni za madaktari wanaowafuata wagonjwa, ambazo hakuna jirani mwenye utu atakayezinung'unikia. Kiwanja cha namna hiyo ndicho wastani unachokificha kirahisi: kelele fupi fupi, lakini siku nzima.

Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari na wananchi washirikishwe. Siku mtaalamu akileta ramani ya kontua kwenye mkutano wa mtaa, aulizwe pia idadi: juu ya shule yetu, ndege ngapi zitavuka desibeli 70 wakati wa vipindi?

Tuseme 24, na kila moja inamnyamazisha mwalimu kwa nusu dakika. Ni dakika 12 kwa siku. Mwaka wa masomo una siku 194, na kipindi cha shule ya msingi ni dakika 40. Mwisho wa mwaka, darasa hilo limepoteza vipindi 58.