Unaficha jina au unaficha maslahi?

Wiki iliyopita mteja aliniambia: "Tufungulie akaunti kumi hivi JamiiForums, tuanzishe uzi wa mjadala, ziwe zinajibizana na kutusifia." Anauza majiko ya gesi, na majiko yenyewe ni mazuri. Ombi hilo nimelisikia mara nyingi mno, kwa hiyo leo nalijibu kwa urefu.

Dhana: ukijificha vizuri, hakuna atakayejua.

Watajua, tena mapema. Memba wa siku nyingi wa JamiiForums, jukwaa lililopo tangu 2006, hafanyi ununuzi kwa sifa za mtu asiyemfahamu. Anafungua kwanza wasifu wake. Anakuta akaunti ni ya juzi, ina posti nne, zote za jiko lile lile. Dakika tatu baadaye inakuja akaunti nyingine kuunga mkono, ikiwa na kosa lile lile la tahajia. Anapiga skrini shoti na kuibandika hapo hapo. Tangu dakika hiyo hakuna anayezungumzia jiko. Wanaozungumziwa ni ninyi, na uzi huo utaibuka kila mtu akitafuta jina la kampuni Google.

Wakubwa wamenaswa. John Mackey, aliyekuwa mkuu wa Whole Foods, maduka ya vyakula ya Marekani, kwa miaka kadhaa aliandika kwenye majukwaa ya Yahoo Finance kwa jina la Rahodeb, akiisifu kampuni yake na kuiponda Wild Oats, mshindani ambaye baadaye Whole Foods ilitaka kumnunua. Mwaka 2007 nyaraka za kesi zilimfichua. Mwaka 2013 Taiwan iliitoza Samsung faini ya dola milioni 10 za huko kwa kulipa watu waisifu mtandaoni na kuisema vibaya HTC, mshindani wake wa simu.

Mteja akanijibu: "Mbona memba wenyewe wanatumia majina ya bandia?" Hapa ndipo wengi wanapopotea. Memba anaficha jina. Wewe unaficha maslahi. Anayesema jiko limemdumu miaka miwili hapati kitu ukinunua. Wewe unapata, na msomaji ana haki ya kulijua hilo kabla hajatoa hela.

Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya posti yako iwe: "Natoka kampuni fulani, mimi ni fundi." Nasisitiza fundi, na hapa nagombana sana na watu wa masoko. Mtu akiuliza kwa nini moto unatoka wa njano, fundi atamweleza kuwa gesi haipati hewa ya kutosha, mara nyingi kwa sababu ya uchafu uliojaa kwenye matundu, na atamwonyesha jinsi ya kusafisha. Mtu wa masoko atamtumia picha ya ofa.

Dhana: ukijibu kwa adabu, umemaliza.

Mwaka 2017 EA, kampuni ya magemu, ilijibu kwa adabu kabisa kule kwenye jukwaa la Reddit, wachezaji walipolalamika kuwa kumpata Darth Vader kwenye gemu lao la Star Wars kunakula saa nyingi mno. Jibu lilitetea utaratibu ule ule. Lilipigiwa kura za kulikataa zaidi ya 660,000, rekodi ya Reddit. Kilichohitajika kilikuwa kupunguza gharama, na wakaishia kuipunguza kwa asilimia 75.

Dhana: uzi wa malalamiko uombewe kufutwa.

Usiwasumbue mods, yaani wasimamizi wa jukwaa. Ukifutwa leo, kesho utafunguliwa wa pili wenye kichwa cha habari kibaya zaidi, na ombi lako litakuwa ndani yake.

Dhana: bei ni siri, "njoo inbox".

Weka bei hadharani. Kuificha kunamfanya mtu ahisi utampangia kulingana na sura yake, na wengi hawaji huko inbox.

Mteja wa majiko nimemwomba fundi wake kwa saa moja, kila Jumanne na Alhamisi. Akaunti itakuwa moja, na jina la kampuni litaandikwa kwenye wasifu.